Kiti cha mkubwa kina mlango wa kutokea, lakini funguo ziko kwa nani?

Tangu Vital Kamerhe aache kiti cha spika wa Bunge la taifa, tarehe 22 Septemba 2025, swali moja linarudi kila mara kwenye masoko na vituo vya pikipiki huku kwetu mashariki. Kama spika anaweza kuondoka kwa siku chache juu ya karatasi zenye saini za wabunge, kwa nini liwali haondoki? Kwa nini waziri haondoki? Na yule wa juu kabisa, yeye anaondolewa na nani?

Watu wanauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni uchochezi. Si uchochezi. Jibu limo ndani ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile ile ambayo wakaaji wa Kivu walisimama mistari mirefu kuipigia kura ya ndiyo mnamo Desemba 2005, wakiamini kwamba vita sasa vinaisha. Sheria ipo. Kinachotusumbua ni namna inavyotumiwa na wale inaowasaidia.

Tuanze na Raisi wa Jamhuri, maana hapo ndipo wengi wanachanganya. Bunge haliwezi kumpigia Raisi kura ya kukosa imani naye. Anachaguliwa na raia kwa miaka 5, muhula unaorudiwa mara moja tu, na hawajibiki kisiasa mbele ya wabunge. Kifungu cha 75 kinasema kiti chake kinabaki wazi kwa kifo, kwa kujiuzulu, au kwa sababu nyingine inayomzuia kabisa kuendelea na kazi. Njia ya kumwondoa kwa nguvu ya sheria ni moja: ashitakiwe, ahukumiwe na Mahakama ya Katiba, na hukumu hiyo imvue cheo.

Makosa yenyewe yametajwa. Kuna uhaini mkubwa, makosa dhidi ya heshima na uaminifu (wizi wa mali ya umma, rushwa, kujitajirisha kinyume cha sheria), kuna kutumia siri za kazi kwa faida yake, na makosa mengine ya jinai yaliyofanywa akiwa kazini. Kifungu cha 165 kinaeleza uhaini mkubwa ni nini: kuvunja Katiba kwa kusudi, kuhusika na uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu, au kuachia sehemu ya ardhi ya taifa. Soma tena hilo la mwisho ukiwa umekaa Rutshuru au Kalehe. Waandishi wa Katiba walikuwa wametoka kwenye vita viwili, walijua wanaandika nini.

Lakini kabla Raisi afike mbele ya mahakama, Bunge na Seneti lazima vikae pamoja katika Kongamano na kupitisha mashitaka kwa theluthi mbili za wanachama wote. Bunge lina viti 500, Seneti ina 108 vya kuchaguliwa. Fanya hesabu: zinahitajika kura kama 406. Zikipatikana, faili inakwenda kwa majaji 9 ambao wote wameteuliwa kwa ordonansi ya Raisi, watatu kwa chaguo lake mwenyewe, watatu walioletwa na Kongamano, watatu walioletwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Wakimhukumu, anavuliwa cheo, na raisi wa Seneti anashika nafasi kwa muda. Huyo hana ruhusa ya kuteua waziri mkuu, mabalozi, majenerali wala mahakimu. Kazi yake kubwa ni kusubiri uchaguzi, ambao unapaswa kufanyika kati ya siku 60 na 90, au 120 kama kuna kizuizi kikubwa na Mahakama ikakubali.

Ni mlango mwembamba, na hatulalamiki juu ya wembamba wake. Raisi aliyechaguliwa na mamilioni hawezi kuondolewa kama kaimu wa ofisi. Tunachosema ni kwamba tangu uhuru hakuna hata mmoja aliyetoka kupitia mlango wa sheria kabla ya wakati wake. Kasa-Vubu aliondolewa na jeshi Novemba 1965. Mobutu aliondolewa na vita Mei 1997. Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001. Joseph Kabila alikabidhi madaraka kwa amani Januari 2019, lakini miaka miwili baada ya muhula wake kuisha, baada ya Mahakama ya Katiba kusema mwaka 2016 kwamba anaweza kubaki hadi mwingine aapishwe.

Wazee wetu wanakumbuka swali hili liliivunja nchi ikiwa na umri wa miezi miwili. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza waziri mkuu wake, Patrice Lumumba. Lumumba naye akaingia redioni, akatangaza kwamba amemfukuza Kasa-Vubu. Sheria ya Msingi ya wakati ule ilimpa mkuu wa nchi ruhusa ya kumwondoa waziri mkuu, lakini Bunge lilikuwa bado na imani na serikali. Baraza la wabunge likabatilisha maneno ya wote wawili, Seneti ikasimama upande wa Lumumba. Tarehe 14 Septemba, kanali mmoja aliyeitwa Mobutu akasema anawaweka wanasiasa wote pembeni. Miaka mitano baadaye mchezo ulirudi: Kasa-Vubu akamfukuza Tshombe, akamweka Kimba, Bunge likamkataa Kimba, na mwanajeshi yule yule akamaliza ubishi, safari hii kwa miaka 32.

Ndiyo maana tunaona si jambo dogo kujua nani anamwondoa nani, kwa kura ngapi, ndani ya siku ngapi. Pale sheria inapoachwa nusu, mtu mwenye bunduki anaijaza.

Kwa serikali, Katiba ya leo iko wazi zaidi. Robo ya wabunge, yaani 125, wakisaini hoja ya kuiondoa serikali nzima, hoja inapokelewa. Kwa waziri mmoja inatosha sehemu moja ya kumi, saini 50. Mjadala na kura havifanyiki kabla ya saa 48 kupita, ili watu wapoe na wafikiri. Ikipata zaidi ya nusu ya wabunge wote, serikali inahesabiwa imejiuzulu, na waziri mkuu ana saa 24 za kupeleka barua kwa Raisi. Hoja ikishindwa, waliosaini hawaruhusiwi kuleta nyingine katika kikao hicho.

Tuliona mashine hiyo ikizunguka mwaka 2020 na 2021, na ilizunguka kwa kasi ya kushangaza. Tarehe 6 Desemba 2020 Raisi Félix Tshisekedi alitangaza mwisho wa muungano wake na kambi ya Kabila, FCC. Siku nne baadaye spika Jeanine Mabunda aliangushwa kwa kura 281 dhidi ya 200. Kumbuka kwamba FCC peke yake ilikuwa na wabunge zaidi ya 300, na Mabunda alikuwa wa kwao. Tarehe 27 Januari 2021 ikawa zamu ya serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba: kura 367 za kuiondoa, katika kikao kilichoongozwa na ofisi ya muda ya mbunge mzee kuliko wote, ambayo FCC ilisema haina mamlaka hayo. Tarehe 5 Februari raisi wa Seneti, Alexis Thambwe Mwamba, alijiuzulu saa chache kabla ya kupigiwa kura. Ndani ya miezi miwili viti vitatu vikubwa vilikuwa vimebadilisha wenyewe.

Yote yalifuata karatasi. Saini zilikuwepo, siku zilihesabiwa, kura zilipigwa. Lakini jiulize: Mabunda alituhumiwa kwa usimamizi mbaya wa fedha za Bunge na upendeleo. Baada ya kuondoka, nani aliwaonyesha raia hizo hesabu? Kama makosa yalikuwa ya kweli, wale waliokuwa wakimpigia makofi tangu Aprili 2019 walikuwa wapi? Na kama hayakuwa ya kweli, aliondolewa juu ya nini? Jibu la waziwazi ni kwamba upepo ulikuwa umegeuka, na Raisi alikuwa amekwisha kusema kwamba akikosa wingi mpya atalivunja Bunge. Mbunge aliyetumia pesa nyingi kampeni anajua maana ya neno hilo.

Kisa cha Kamerhe kinafundisha zaidi, maana mtoto huyo wa Kivu ya Kusini amekitoka kiti kile kile mara mbili. Machi 2009 alijiuzulu baada ya kuuliza hadharani kwa nini jeshi la Rwanda limeingia Kivu Bunge halina habari. Swali lilikuwa la Katiba kabisa, na ndilo lililomwondoa; chama chake mwenyewe kilimsukuma. Mwaka 2025 alijiuzulu tena kabla ya kura, mbele ya maombi yaliyosainiwa hasa na watu wa muungano aliokuwa ndani yake. Novemba kiti kikaenda kwa Aimé Boji, naye wa Kivu ya Kusini. Mtu anaweza kumpenda Kamerhe au kumchukia. Sisi tunabaki na jambo moja: mara zote mbili mjadala wenyewe haukufika mbele ya raia, kwa sababu mhusika aliondoka kabla haujaanza, na mara zote mbili wengi walishusha pumzi.

Kujiuzulu kunaokoa heshima ya mtu. Kunaficha pia faili yake. Tungependa kanuni za ndani za mabaraza yote mawili ziseme kwamba ripoti ya tume iliyochunguza maombi inachapishwa hata kama mhusika amekwisha kuondoka. Kura juu ya mtu ni ya siri, tunakubali, lakini tuhuma dhidi ya anayelipwa na umma hazipaswi kuwa siri.

Kwa mawaziri kuna mifano ambayo walau ilikuwa na kosa mezani. Machi 2022 waziri wa uchumi Jean-Marie Kalumba aliangushwa kwa hoja iliyozungumza juu ya bei za vitu sokoni, jambo ambalo kila mama wa Bukavu anaweza kulifuata bila mwanasheria. Juni 2025 Bunge liliruhusu waziri wa sheria Constant Mutamba ashitakiwe, juu ya dola milioni 19 zilizotengwa kwa kujenga gereza Kisangani. Alikana, akajiuzulu, na tarehe 2 Septemba Mahakama ya Kasasyo ikamhukumu miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa. Kwa waziri hazihitajiki theluthi mbili, Bunge peke yake linatosha, kwa zaidi ya nusu. Gereza lenyewe watu wa Kisangani bado hawajaliona.

Kuhusu waziri mkuu, hapo mahakama imetuchanganya. Katiba inamweka pamoja na Raisi: theluthi mbili za Kongamano, kisha Mahakama ya Katiba. Je, akishaacha kazi? Novemba 2021 Mahakama ilisema haiwezi kumhukumu Augustin Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, kwa sababu si waziri mkuu tena. Mei 2022 kura ya bahati nasibu ilimwondoa raisi wa Mahakama, Dieudonné Kaluba. Novemba 2022, ikiwa na sura mpya, Mahakama hiyo hiyo ikasema inaweza. Mei 2025 ikampa miaka 10 ya kazi za kulazimishwa juu ya shamba la Bukanga Lonzo. Kati hapo Matata alikuwa amechaguliwa mbunge, Bunge likadai liombwe ruhusa kwanza, Mahakama ikaendelea na njia yake. Hatusemi Matata hana hatia. Pesa za Bukanga Lonzo zilitoka na mahindi hayakuonekana. Tunasema sheria iliyosomwa hivi mwaka mmoja na vile mwaka unaofuata haiwezi kumtisha mwizi. Inamfundisha kungoja majaji wabadilike.

Na majaji wenyewe? Muhula wao ni miaka 9, hairudiwi, na hakuna anayepaswa kuwagusa. Julai 2020 wawili kati yao waliambiwa wameteuliwa Mahakama ya Kasasyo. Hawakuwa wameomba, wakakataa. Ordonansi ilisainiwa waziri mkuu akiwa safarini, kwa mkono wa kaimu wake. Oktoba majaji wapya waliapa. Kumpandisha mtu cheo ili atoke kitini ni njia ambayo haimo katika kifungu chochote, na ilipita.

Sasa turudi nyumbani. Liwali anachaguliwa na wabunge wa jimbo, na wao wanaweza kumwondoa kwa utaratibu ule ule wa serikali ya taifa. Tangu marekebisho ya Januari 2011, Raisi naye anaweza kumwondoa liwali kama kuna mgogoro mkubwa usiokwisha unaotishia kazi za taasisi za jimbo, baada ya kushauriana na ofisi za Bunge na Seneti. Kwa hiyo liwali ana mabwana wawili, na anajua yupi mwenye nguvu. Mwisho wa 2021 wabunge wa Kivu ya Kusini walimwangusha Théo Ngwabidje; mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikamrudisha, na akaendelea hadi mwisho wa muhula. Baada ya hapo ni mbunge gani wa jimbo angepoteza usingizi kuandika hoja nyingine?

Kivu ya Kaskazini na Ituri hata huo mchezo haupo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 majimbo haya yako chini ya utawala wa kijeshi, ule wote tunauita état de siège. Liwali ni mwanajeshi aliyeteuliwa, bunge la jimbo limesimamishwa, na hakuna hoja inayoweza kumfikia. Ilitangazwa kama dawa ya siku 30. Na hapa ndipo tunapotaka msomaji akae kidogo: kifungu cha 144 kinasema hali hiyo inakufa yenyewe kila baada ya siku 15, isipokuwa Bunge na Seneti waiongezee muda. Zaidi ya hapo, mabaraza hayo yanaweza kuimaliza wakati wowote kwa sheria. Wabunge wetu wa Beni, Lubero, Bunia na Mahagi wamekuwa na funguo hiyo mkononi mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu kwa vidole. Wanarudi likizo wanatuambia hali ni ngumu.

Goma na Bukavu, tangu Januari na Februari 2025, waliokaa kwenye ofisi hawakupita kwenye mlango wowote wa Katiba, si wa kuingia wala wa kutoka. Huko raia hana hata kifungu cha kunyoosha kidole.

Kuna mlango mwingine mdogo ambao hauhitaji saini 125 wala theluthi mbili. Kifungu cha 99 kinamtaka Raisi na kila waziri aandike mali ya familia yake na kuipeleka Mahakama ya Katiba kabla ya kuanza kazi. Zikipita siku 30 bila karatasi hiyo, anahesabiwa amejiuzulu. Hakuna kura, hakuna hoja. Tatizo ni kwamba karatasi inakwenda kwa Mahakama na kwa idara ya kodi, basi. Raia haoni kilichoandikwa. Kama kuna marekebisho moja ya Katiba ambayo gazeti hili lingeunga mkono bila kufikiri mara mbili, ni kuiweka orodha hiyo hadharani.

Lakini sivyo wanavyozungumza Kinshasa. Tangu hotuba ya Raisi huko Kisangani, Oktoba 2024, mazungumzo ni juu ya kubadilisha Katiba nzima, na kila mtu anaelewa kwamba macho yako kwenye kifungu cha 220, kile kinachokataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya Raisi. Muhula ndio njia pekee ya kumwondoa mkuu wa nchi ambayo imewahi kufanya kazi hapa, hata kwa kuchelewa. Anayetaka kuufungua atuonyeshe kwanza kwamba zile nyingine zinafanya kazi.

Tunamaliza na Masisi na Rutshuru. Desemba 2023 teritwari hizi mbili, pamoja na Kwamouth kule Mai-Ndombe, hazikupiga kura juu ya vita. Desemba 2018 ilikuwa Beni na Butembo, walioambiwa wasubiri hadi Machi 2019, Raisi akiwa amekwisha kuapa. Leo hoja ikiletwa dhidi ya waziri wa ulinzi, saini 50 zitatafutwa kote nchini, na hakuna hata moja itakayotoka kwa mbunge aliyechaguliwa Masisi au Rutshuru. Viti vyao viko wazi Kinshasa. Kikao cha kawaida kinafunguliwa kila tarehe 15 Machi na 15 Septemba, na tungependa kumsikia mbunge mmoja wa mashariki akisimama siku ya kwanza na kuuliza viti hivyo vitajazwa lini.